Rosalind Franklin na Umbo la DNA

Karibu kila seli ya kiumbe hai, iwe ya mhindi, ya mbuzi au ya mwanadamu, ina ndani yake maagizo ya kukifanya kiumbe hicho kiwe kama kilivyo. Maagizo hayo yamo katika kitu kiitwacho DNA. Kabla seli haijagawanyika kuwa mbili, sharti DNA yote inakiliwe, ili kila seli mpya ipate nakala yake. Hadi kufikia mwaka 1953 hapakuwa na mtu aliyejua nakala hiyo hufanywaje, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua umbo la DNA yenyewe. Miongoni mwa wataalamu waliolitafuta umbo hilo alikuwamo mwanamke mmoja, Rosalind Franklin.

Rosalind alizaliwa London, Uingereza, tarehe 25 Julai, 1920, katika ukoo wa Kiyahudi. Alisoma katika shule ya wasichana iliyofundisha fizikia na kemia, jambo lisilokuwa la kawaida katika shule za wasichana za siku zile. Mwaka 1938 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko wanawake walifanya mitihani ile ile waliyofanya wanaume, lakini hawakuhesabiwa kuwa wanachuo kamili hadi mwaka 1948.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichunguza makaa ya mawe. Alionyesha kwamba makaa yana vitundu vidogo mno, vinavyopitisha molekuli ndogo na kuzuia zile kubwa. Kutokana na kazi hiyo alipata shahada ya udaktari mwaka 1945. Mwaka 1947 alikwenda Paris, Ufaransa, na huko akajifunza ufundi uliokuja kumpatia sifa, yaani kuchunguza umbo la vitu kwa miali ya eksirei.

Pengine umewahi kuona picha ya eksirei ya mfupa uliovunjika. Picha alizopiga Franklin hazikuwa za namna hiyo. Miali ya eksirei ikipita katikati ya atomu zilizopangwa kwa utaratibu, hutawanyika, na kuacha madoa juu ya filamu. Madoa hayo si sura ya kitu chenyewe. Mtaalamu hulazimika kuyapima, kisha kufanya hesabu ndefu, ndipo atambue jinsi atomu zilivyopangwa.

Mwezi wa Januari 1951 Franklin alianza kazi katika King's College, London. Alidhani amekabidhiwa uchunguzi wa DNA kwa eksirei. Bwana Maurice Wilkins, aliyekuwa akiichunguza DNA kabla yake, alidhani Franklin amekuja kumsaidia. Mkuu wa maabara hakuwaeleza waziwazi, na kosa hilo liliwafanya watu wawili hodari washindwe kufanya kazi pamoja. Tena, chumba kimoja cha walimu chuoni hapo kilikuwa cha wanaume peke yao.

Akisaidiwa na mwanafunzi wake, Raymond Gosling, Franklin alivuta DNA ya ndama ikawa nyuzi nyembamba sana. Alitumia maji ya chumvi ili kuongoza kiasi cha unyevu unaozizunguka nyuzi hizo. Ndipo alipogundua kwamba DNA ina namna mbili: ikiwa kavu hujipanga hivi, ikilowana hurefuka na kujipanga vingine. Waliomtangulia walikuwa wamezichanganya namna hizo mbili, na picha zao hazikuwa wazi. Mwezi wa Mei 1952 walipiga picha ya DNA iliyolowana, baada ya kuielekezea miali kwa zaidi ya saa 60. Hiyo ndiyo Picha ya 51. Madoa yake yalifanya msalaba mfano wa herufi X, dalili ya kitu kilichosokotwa.

Mwezi wa Januari 1953 Wilkins alimwonyesha picha hiyo Bwana James Watson wa Cambridge. Vipimo vya Franklin navyo vilimfikia Bwana Francis Crick, mwenzake Watson, kwa njia ya taarifa ya maabara. Franklin mwenyewe hakuulizwa. Watson na Crick walijenga mfano wa DNA, na makala yao ilitolewa tarehe 25 Aprili, 1953, pamoja na makala ya Wilkins na ile ya Franklin. Ni haki kusema kwamba mfano ule ulitokana na fikra zao wenyewe. Ni haki pia kusema kwamba wasingeweza kuukamilisha upesi vile bila vipimo vya Franklin, naye hakutajwa ipasavyo. Rasimu aliyoiandika mwezi wa Machi mwaka huo inaonyesha kwamba naye alikuwa amekaribia sana.

DNA ni kama ngazi iliyosokotwa, yenye upana wa sehemu 2 tu za milioni za milimita. Kila kipago kina vipande viwili: adenini hushikana na thaimini, na guanini hushikana na sitosini. Ngazi ikipasuliwa katikati, kila upande huweza kujengewa mwenzake, na ngazi moja huwa mbili zilizo sawa. Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani walifaulu kukata DNA, kuiunga na nyingine, na kuitia katika bakteria. Mwaka 1978 bakteria walifanywa watengeneze insulini ya binadamu, dawa ya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1983 Bwana Kary Mullis alibuni njia ya kunakili DNA ndani ya kichupa. Anza na ngazi moja, uzidishe kwa mbili mara 30, uone utapata ngapi.

Franklin hakuyaona hayo. Mwaka 1953 alihamia Birkbeck College, akachunguza virusi vya tumbaku, kisha virusi vya polio. Mwaka 1956 aligundulika kuwa na saratani, lakini aliendelea na kazi. Alifariki tarehe 16 Aprili, 1958, akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka 1962 Watson, Crick na Wilkins walipewa Tuzo ya Nobel. Wenzake Franklin wa Birkbeck waliikamilisha kazi ya virusi vya polio, wakaitoa mwaka 1959 kwa kumbukumbu yake.