Al-Mutanabbi: Ulimi Uliomtukuza na Kumuua

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne nilipolisikia jina la Abu Tayyib al-Mutanabbi kwa mara ya kwanza. Baada ya sala ya Isha tulikuwa tukikaa kitako msikitini, vijana sita au saba, mbele ya maalimu wetu aliyekuwa akitusomesha nahau ya Kiarabu. Kila alipotaka kutupa mfano wa neno au wa irabu hakwenda mbali. Alitoa ubeti wa mshairi huyu kichwani mwake, akautafsiri kwa Kimvita, na sisi tukaunakili katika madaftari yetu.

Usiku mmoja alitusomea shairi ambalo Mutanabbi alimtukania Kafur, mtawala mweusi wa Misri. Maalimu alicheka, na sisi tukacheka. Mmoja wetu hakucheka. Alikuwa mweusi kutushinda sote, na mtaani twalijua, ingawa hapana aliyelisema mbele yake, kwamba mkubwa wake mmoja wa zamani aliletwa pwani hii akiwa mateka. Alifunga daftari lake taratibu, akavaa ndara zake mlangoni, na darasani hakurudi tena.

Mpenzi msomaji, leo nataka nikueleze maisha ya mshairi huyo, maana ukiwauliza Waarabu mia ni nani bingwa wa washairi wao, wengi watakutajia yeye. Lakini sitaki nikueleze kama maalimu alivyotueleza sisi.

Jina lake hasa ni Ahmad bin Hussein. Alizaliwa mwaka wa 303 wa Hijra, yaani 915, katika mji wa Kufa huko Iraki. Yasemekana babake alikuwa mchukuzi wa maji, akizunguka mitaani kuwauzia watu, na jambo hili maadui zake hawakumsahaulisha mpaka kufa kwake. Malezi aliyapata kwa nyanyake, mzaa mama. Siku zile Wakaramita walikuwa wakiushambulia mji wa Kufa, na kijana Ahmad akaenda kukaa jangwani miongoni mwa mabedui. Huko ndiko alikokinywa Kiarabu safi kwenye chemchemi yake.

Kipaji cha kuhifadhi alikuwa nacho cha ajabu. Kuna kisa ambacho Waarabu wapenda kukisimulia: alikuwa dukani kwa muuza vitabu, akaja mtu na kitabu cha karatasi kama thelathini akitaka kukiuza. Kijana akakichukua, akakitazama kwa muda mrefu, hata mwenyewe akakasirika akamwambia kama ataka kukihifadhi hapo hapo basi hiyo ni kazi ya mwezi. Ahmad akamuuliza atampa nini iwapo amekwisha kukihifadhi. Mtu yule akaahidi kumpa kitabu chenyewe. Basi akakisoma chote kwa moyo, akakitia kitabu katika mkono wa kanzu yake akaenda zake. Sisi tuliopita vyuoni na kuchapwa kwa ajili ya juzuu moja twaweza kumwonea kijicho.

Jina la al-Mutanabbi halikuwa jina la heshima. Maana yake ni mtu aliyejidai utume. Wanahistoria wengi husema kwamba alipokuwa kijana wa miaka kama kumi na minane aliwaendea mabedui wa jangwa la Samawa, kati ya Iraki na Sham, akawakusanya na kujidai kwamba yeye ni nabii. Wengine wakana, wasema alichotaka ni utawala tu na jina alibandikwa na mahasidi. Wallahu aalam. Lililo hakika ni kwamba liwali wa Homs alimkamata akamtia gerezani, akakaa humo kiasi cha miaka miwili mpaka akadhoofu, kisha akatubishwa na kuachiliwa. Ama jina, hilo halikumwacha. Aliishi nalo kama mtu aishivyo na kovu usoni.

Alipotoka gerezani alitanga na njia miaka mingi katika miji ya Sham, akiwasifu matajiri na makadhi wadogo wadogo kwa ujira hafifu. Kisha, mwaka wa 948, Mwenyezi Mungu akamkutanisha na Sayf al-Dawla, amiri wa Halab.

Sayf al-Dawla alikuwa mwanamume wa vita, akipigana na Warumi wa Konstantinopoli mwaka baada ya mwaka, na barazani pake walikaa wanazuoni na washairi ambao mfano wao ni nadra kukutana pahali pamoja. Yasemekana Mutanabbi alimtolea masharti kabla ya kuingia: hatasoma kasida zake akiwa amesimama kama washairi wengine, wala hatabusu ardhi mbele ya amiri. Fikiri mtoto wa mchukuzi wa maji akiyasema hayo! Na amiri akakubali. Miaka tisa walikaa pamoja. Mshairi akipanda farasi akienda vitani na bwana wake, akirudi na kasida. Ile aliyoitunga baada ya vita vya Hadath, mwaka wa 954, yasomeshwa katika shule za Kiarabu hadi leo. Nami, baada ya miaka hii yote, sijapata kusoma mashairi ya vita yanayomfanya msomaji asikie kwato za farasi kama yale.

Lakini baraza lenye washairi wengi lina husuda nyingi. Abu Firas, binamu wa amiri na mshairi hodari yeye mwenyewe, hakumpenda. Ibn Khalawayh, mwanazuoni wa nahau, hakumpenda. Siku moja walikuwa wakibishana juu ya jambo la lugha mbele ya amiri, na Ibn Khalawayh akampiga usoni kwa ufunguo hata damu ikachuruzika nguoni. Sayf al-Dawla alikuwapo akitazama, asinene neno. Naona kwamba kilichomuuma Mutanabbi ni kule kunyamaza zaidi kuliko ufunguo. Mwaka wa 957 aliiacha Halab, akaelekea Misri kwa Kafur.

Hapa yafaa tumweleze Kafur, kwani maalimu wetu hakutueleza. Alikuwa mtumwa mweusi, wengine wasema ni Mnubi, wengine wasema ni Mhabashi, tena alikuwa towashi. Yasimuliwa kwamba alinunuliwa kwa dinari 18 tu. Bwana wake, Muhammad bin Tughj al-Ikhshid aliyetawala Misri, aliiona akili yake, akamwelimisha na kumpandisha cheo hata akawa amiri wa jeshi. Al-Ikhshid alipofariki mwaka wa 946 aliacha watoto wadogo, na aliyeiendesha nchi kweli kweli alikuwa Kafur, mpaka mwaka wa 966 alipoishika kwa jina lake mwenyewe. Aliwazuia watu wa Halab kaskazini na Mafatimi magharibi, na alipenda kukaa na wanazuoni. Alifariki mwaka wa 968, na mwaka uliofuata tu Mafatimi waliingia Misri. Msomaji atajua mwenyewe ni nani aliyekuwa ameushikilia ule mlango.

Jina la Kafur ni hii kafuri nyeupe tunayoijua kwa kukoshea maiti, na lakabu yake ilikuwa Abu al-Misk, baba wa miski, ambayo ni nyeusi. Mtu mmoja akaitwa kwa manukato mawili, jeupe na jeusi. Mutanabbi aliyachezea maneno haya katika kasida zake za sifa kwa ustadi mkubwa.

Maana kwanza alimsifu, na alimsifu sana. Alichokitaka kwa Kafur si dinari tu. Alitaka uliwali: apewe mji autawale. Kafur alimpa ahadi, au alimwacha adhani kwamba amepewa ahadi, na miaka ikapita. Na mimi, nikisoma habari hizi, sioni ajabu kwamba Kafur hakumpa. Mtu aliyejidai utume akiwa hana kitu, atajidai nini akiwa na jeshi? Kafur hakufika pale alipofika kwa ujinga.

Akiwa Misri mshairi alishikwa na homa kali, akatunga shairi la homa akiifanya kama mgeni wa kike amjiaye usiku. Yeyote aliyelelewa pwani hii na kulala chini ya blanketi tatu akitetemeka kwa malaria atalielewa shairi lile bila ya sherehe yoyote. Baada ya hapo alijua kwamba Misri hana riziki tena, bali Kafur hakumruhusu kuondoka. Basi usiku wa kuamkia Idi ya Hija, mwaka wa 350 wa Hijra, Januari 962, watu wameshughulika na sikukuu, akatoroka. Nyuma yake aliacha lile shairi la matusi.

Sitalitafsiri. Nitasema tu kwamba halimtukani Kafur kwa dhuluma wala kwa ubahili peke yake. Lamtukana kwa rangi yake, kwa utumwa wake na kwa utowashi wake, mambo ambayo hakujichagulia. Na jambo la kuudhi ni kwamba ni shairi zuri. Mizani yake haina ila, na maneno yake yamekaa kama jiwe juu ya jiwe katika nyumba za Mji wa Kale. Ndiyo sababu limeishi zaidi ya miaka elfu, na ndiyo sababu maalimu, mtu mwema aliyetulisha kwa mkono wake, alilisoma akicheka bila ya kumtazama nani amekaa mbele yake.

Wako wanaomtetea Mutanabbi, wasema zama zile ndivyo watu walivyotukanana. Hapo nawataka wamtazame Fatik. Huko huko Misri kulikuwa na kamanda aliyeitwa Abu Shuja Fatik, naye pia alikuwa mtumwa wa al-Ikhshid. Mutanabbi alimpenda, akamsifu, na Fatik alipofariki akamlilia kwa mashairi ambayo hata leo hutia huzuni. Huyu utumwa wake haukumchukiza mshairi hata kidogo. Lakini Fatik alikuwa Mrumi. Basi tusiambiwe kwamba tatizo lilikuwa utumwa.

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule mwenzangu wa darasani. Alikuwa amekwisha kuwa fundi wa majahazi, ana wajukuu. Tulikaa barazani tukinywa kahawa, nami nikajitia ujasiri nikamtajia usiku ule. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kulisoma lile shairi la Kafur kwa moyo, kwa Kiarabu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila ya kukosea irabu hata moja. Alikuwa amejisomesha mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini alihifadhi matusi yale. Akaniambia kwamba hakutaka watu wengine wawe wakilijua yeye halijui. Kisha akanimiminia kikombe kingine, tukazungumza habari za mbao.

Turudi kwa mshairi. Kutoka Misri alikwenda kwao Kufa, kisha Baghdad, ambako waziri al-Muhallabi alingoja kusifiwa asisifiwe, akawaachilia washairi wa mji wamrarue. Mwaka wa 965 alikwenda Uajemi, kwanza kwa Ibn al-Amid mjini Arrajan, halafu Shiraz kwa Adud al-Dawla, aliyempa mali nyingi. Alipokuwa Halab alikuwa amekwisha kupata habari ya nyanyake, na hii naitaja hapa ingawa ni ya zamani zaidi: bibi yule alikuwa amekata tamaa ya kumwona tena, akapata barua yake, akaibusu, na homa ikamshika kwa furaha akafa. Marthia aliyomtungia ni katika machache aliyoyatunga bila ya kutaka kulipwa na mtu.

Alitoka Shiraz na mali yake kurudi Iraki. Lakini kabla ya safari ile alikuwa amemtukana mtu mmoja aitwaye Dabba. Alimtukana kwa maneno machafu, na mamake ndani yake. Huku kwetu pia washairi wametupiana maneno tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mvita na mafundi wa Lamu, na wengine walitiana uchungu; lakini Muyaka alifahamu mahali pa kufumba, Mutanabbi hakufumba kitu. Mamake Dabba alikuwa na kaka, na jina la kaka huyo, kwa kadari ya Mungu, lilikuwa Fatik pia: Fatik bin Abi Jahl wa kabila la Asad.

Rafiki mmoja alimwonya njiani kwamba Fatik yuamngoja na watu wake, akamwomba achukue walinzi. Mutanabbi alikataa. Aliona ni aibu isemwe kwamba yeye alilindwa na watu. Katika siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 354, Septemba 965, karibu na Dayr al-Aqul kusini ya Baghdad, wakamvamia. Yasimuliwa kwamba alipoona wamemzidi aligeuza farasi akimbie, na mtumishi wake akamkumbusha ubeti wake maarufu wa kujisifu ushujaa. Akamwambia mtumishi kwamba amemuua, akageuka, akapigana. Akauawa yeye, mwanawe Muhassad, na mtumishi yule. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, na ile mali ya Shiraz ikachukuliwa na waliomuua.