Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mtoto Aliyelelewa Gazi

Mkifika Gazi, pale kati ya Ukunda na Msambweni, ulizeni nyumba ya Sheikh Mbaruk, ile iliyokuja kutumiwa kama shule. Wengi wetu tunamjua kwa vita tu. Mimi naanzia utotoni.

Babake, Rashid bin Salim, alikuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui mjini Mombasa. Mwaka wa 1837 Sayyid Said alimkamata kwa hila pamoja na wakubwa wenziwe zaidi ya ishirini, wakatiwa chomboni hadi Bandar Abbas, Uajemi. Hawakurudi tena. Jamaa waliosalia wakahama na watoto: wengine wakaenda Takaungu, wengine Gazi chini ya mzee wao Abdallah bin Khamis. Siku hizo mtoto aliyepotelewa na babake alikuwa wa ukoo, basi. Mbaruk akalelewa hapo Gazi, na katika miaka ya 1860 akashika yeye uongozi baada ya Abdallah.

Alikuwa mtu mgumu. Aligombana na masultani wa Unguja mara kadhaa, na akizidiwa hukimbilia Mwele, ngome yake ya msituni. Lakini tusimpambe kupita kiasi. Mashamba yake yalilimwa na watumwa, nao pia walikuwa watoto wa watu, waliotenganishwa na wazazi wao.

Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Waingereza wakamweka mwanawe, Rashid, wakamwacha Mbaruk mwingine wa ukoo huo, aliyemzidi Rashid umri. Huyo akapigana, akashindwa, akakimbilia Gazi na nduguye Aziz. Waingereza wakataka watolewe. Mzee Mbaruk, ambaye mwenyewe alikuja Gazi mikononi mwa jamaa, akakataa katakata. Nadhani alijua fika atalipia nini.

Na kweli alilipa. Gazi ikamtoka, na tarehe 17 Agosti Admirali Rawson akaiteka Mwele. Vita vikaendelea vichakani, mpaka Waingereza wakaleta askari kutoka India. Aprili 1896 mzee akavuka mpaka na wafuasi wake zaidi ya elfu moja, akajisalimisha kwa Wajerumani. Wakampeleka Dar es Salaam, na huko ndiko alikokaa hadi alipofariki mwaka wa 1910.