Habari za Johannes Rebmann na Uzee Wake

Sisi tukaao Mwika twauona mlima kila kukicha, wala hatuustaajabii tena. Johannes Rebmann aliustaajabia. Alikuwa Mdachi wa Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, aliyezaliwa mwaka 1820 na kufika Mombasa mwaka 1846. Tarehe 11 Mei, 1848, alipokuwa njiani kuja Uchagani mara ya kwanza, aliona kitu cheupe kileleni. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile ila baridi. Rebmann akatambua ya kuwa ni theluji.

Habari hizo zilipochapwa Ulaya, mabingwa wengine walizikataa, hasa Bwana Cooley wa London, aliyeandika mengi juu ya Afrika pasipo kuikanyaga. Walidhani macho ya Rebmann yamemdanganya. Hakuondoka kwenda Ulaya kujitetea, bali alikaa na kazi yake ya Rabai. Ndipo mwaka 1862, miaka 14 baadaye, Baron von der Decken alipanda mlimani, theluji ikamwangukia mwenyewe.

Tena alikusanya maneno. Kwa Salimini, mtu wa Nyasa aliyeletwa pwani kuwa mtumwa, alijifunza lugha ya kwao, akaiandika neno kwa neno. Vivyo hivyo na lugha ya watu wa Rabai.

Lakini tunayotaka kuyatafakari zaidi ni ya miaka yake ya mwisho. Mwenzake Krapf aliondoka mwaka 1853. Mtoto wake alikufa angali mchanga, na mkewe Emma akafa mwaka 1866. Kisha macho yaleyale yaliyoiona theluji yakaanza kufifia. Alikuwa hajatimiza hata miaka 55, lakini mwili ulikwisha kuwa wa mzee. Sisi tuliopita arobaini, ambao sasa twakisogeza kitabu mbali ndipo tusome, twaweza kumwelewa kidogo.

Je, alifanya vema kukaa? Wako waliomwona mkaidi, nasi hatuwezi kusema walikosa kabisa. Moyo uliomwezesha kuvumilia kicheko cha mabingwa ndio uliomfanya asione kwamba jua lake limekuchwa. Na maneno ya Salimini, aliyoanza kuyaandika zamani za 1853, alikaa nayo miaka mingi bila kuyatoa kuwa kitabu. Mtu mwangalifu hutaka kusahihisha mara moja tena, na tena, hata nuru inakwisha. Wazee wa namna hii tunao hata mitaani kwetu. Shamba hawaligawi, na neno hawaliachilii.

Hata hivyo mwishoni alikubali kushikwa mkono. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 pasipo kurudi Ulaya, alisafiri akiwa kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Nyondo alikuwa mwana wa Abe Gunja, mmoja wa wale wachache waliomsikiliza mwanzoni. Basi mwalimu alikwenda hatua kwa hatua kwa sauti ya mwana wa mwanafunzi wake, mpaka Korntal, alikokaa Krapf. Huko alifariki tarehe 4 Oktoba, 1876, mwenye miaka 56.

Krapf, naye mzee, alizichukua karatasi zile akazitengeneza, na kamusi ya lugha ya Salimini ikachapwa mwaka 1877.