Mchunga Mbuzi wa Butiama

Katika mwaka wa 1922, huko Butiama karibu na Musoma, alizaliwa mtoto siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Baba yake alikuwa Burito Nyerere, mtemi wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mgaya. Kambarage alichunga mbuzi kama watoto wengine wa kwao.

Siku zile shule zilikuwa chache, wala hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha wazazi. Lakini Serikali ya Waingereza iliwataka watemi wapeleke wana wao, ili ipate watu wa kuisaidia kazi. Basi mwaka wa 1934 Kambarage alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Wenzake wengi walibaki na mbuzi, si kwa kukosa akili, bali kwa kuwa baba zao hawakuwa watemi.

Mwaka wa 1937 akaenda shule ya Tabora, kusini ya Kahama yetu, iliyofunguliwa mwaka wa 1925 hasa kwa ajili ya wana wa watemi. Mwaka wa 1943 akaingia Makerere, akabatizwa, akaitwa Julius. Kisha akawa mwalimu katika shule ya misheni Tabora, akasoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952, na mwaka wa 1962 akawa rais wa kwanza wa Tanganyika.

Wako watu wavukao mto na kuuacha mtumbwi ng'ambo. Huyu aliurudisha kuwachukua wengine. Mwaka wa 1973 ada ya shule za msingi iliondolewa. Mwaka wa 1974, palepale Musoma, chama chake kiliazimia watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977. Kisha sheria ya mwaka wa 1978 ikamlazimisha kila mzazi kumpeleka mtoto wake akifikia umri wa miaka saba.

Kwa wafugaji wa Shinyanga sheria hiyo ilikuwa nzito. Mtoto akiwa darasani, nani atachunga ng'ombe? Tena walimu hawakutosha, na nafasi za sekondari zilikuwa chache sana, hata wengi waliomaliza darasa la saba walirudi kwenye jembe lile lile la baba zao. Lakini walirudi wakijua kusoma. Wengi wao walikuwa wa kwanza katika ukoo wao kusoma barua bila kumwomba jirani. Nao walipozaa, shule haikuwa kitu kigeni nyumbani mwao.

Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Ewe mwanafunzi wa Nyasubi, ng'ombe wangalipo, na machimbo ya dhahabu huwaita watoto wapate fedha za haraka. Kumbuka kwamba kiti ukikaliacho zamani kilitengwa kwa mwana wa mtemi. Sheria yaweza kukufikisha mlangoni. Kujifunza ni kazi yako mwenyewe, na faida yake wataiona hata wajukuu wako.