FERDINAND PORSCHE: FUNDI WA GARI LA WATU

Wahenga walisema akili ni mali. Lakini mali hiyo humfaa nani? Wanachama wenzangu, hebu tuyatazame maisha ya hayati Ferdinand Porsche, mhandisi wa lile gari dogo la Volkswagen, lenye mgongo kama wa kobe.

Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba 1875 huko Maffersdorf, mahali ambapo leo pamo katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake, fundi wa mabati, alitaka mwanawe arithi nyundo yake. Lakini wapi! Kijana alipenda umeme. Mchana alimsaidia baba, jioni akasomea ufundi. Alipofika umri wa miaka 18 alikwenda Vienna kufanya kazi katika kampuni ya umeme. Mwaka wa 1900, gari lake la umeme lenye mota ndani ya magurudumu lilionyeshwa Paris, na jina lake likavuma.

Siku hizo gari lilikuwa kitu cha matajiri. Mwaka wa 1934 serikali ya Hitler ilimpa Porsche kazi ya kubuni gari la mfanyakazi wa kawaida, yaani Volkswagen, gari la watu. Injini aliiweka nyuma, nayo ilipozwa kwa hewa. Hakuna rejeta, hakuna maji ya kuchemka njiani! Hata hivyo si yote yaliyotoka kichwani mwake. Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra, na Josef Ganz, Myahudi aliyelazimika kuihama Ujerumani, walikuwa na mawazo ya namna hiyo pia.

Bei ilitangazwa kuwa marki 990. Mwaka wa 1938 wananchi waliambiwa waweke akiba ya marki 5 kila wiki na kubandika stempu kitabuni. Watu zaidi ya 330,000 walijiandikisha. Kumbe wapi! Vita vikazuka mwaka wa 1939, kiwanda kikageukia magari ya jeshi, na wenye stempu wakaambulia patupu. Mbaya zaidi, maelfu ya watu walifanyishwa kazi humo kwa nguvu, wakiwemo mateka wa vita na wafungwa wa kambi. Porsche, aliyekuwa mwanachama wa chama cha Nazi, alikuwa mmoja wa wakuu wa kiwanda hicho.

Wafaransa walimtia nguvuni mwaka wa 1945, wakamwachilia mwaka wa 1947. Alifariki Stuttgart tarehe 30 Januari 1951.

Gari lake halikufa naye. Waingereza walikuwa wamekwisha kukifufua kiwanda baada ya vita. Wabrazili waliliita Fusca, Wamexico wakaliita Vocho, na mwaka wa 1968 Wamarekani wakalichezesha filamu kwa jina la Herbie. Hapa kwetu lilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1954, 1957 na 1962, na ile barabara ya matope si mchezo! La mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka wa 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kuundwa.

Ndugu zangu mnaotamani kuwa wahandisi, igeni bidii ya mwana huyu wa fundi wa mabati. Lakini kabla hamjashika kalamu ya kuchora, ulizeni kwanza ni nani anayewatuma, na ni nani atakayeumia.