Fermi, Urani na Jasho Lisilotajwa

Mwanafunzi wa Kericho au Bomet asomaye fizikia ya nyuklia hukutana na jina la Enrico Fermi, na aghalabu huishia kwenye jina. Mimi ni mwanaisimu, si mwanafizikia. Hata hivyo naamini maisha ya bwana huyu yanatuhusu.

Fermi alizaliwa Roma mwaka 1901. Mwaka 1934 aligundua kwamba nyutroni zikipunguzwa mwendo huathiri atomu kwa urahisi zaidi. Mwaka 1938 alitunukiwa Tuzo ya Nobel, akaihama Italia ya Mussolini, kwani mkewe alikuwa Myahudi na sheria za ubaguzi zilikwisha kupitishwa.

Tarehe 2 Desemba, 1942, mjini Chicago, aliwasha tanuri la kwanza la nyuklia. Urani safi ya metali ilikuwa adimu mno: alipata takriban tani 6 tu, akazipanga katikati, na kwingine akatumia oksidi. Wanakemia wa Iowa, chini ya Frank Spedding, ndio waliorahisisha utengenezaji wake. Chumvi ya urani huchanganywa na magnesiamu katika chombo cha chuma kilichofungwa, kisha hupashwa moto. Metali huyeyuka ikatuama chini, taka zikaelea juu. Sisi wa nchi ya chai twaelewa: jani bichi si chai mpaka lipite kiwandani.

Fermi alifariki mwaka 1954, akiwa na miaka 53. Tanuri la nyutroni za kasi lililopewa jina lake huko Michigan lilitumia fueli ya urani iliyochanganywa na molibdeni. Tarehe 5 Oktoba, 1966, kipande cha bamba kiliziba njia ya sodiamu ya kupozea, na sehemu ya fueli ikayeyuka.

Je, urani ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa na Marekani vitani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwenye migodi iliyozungumza Kiswahili. Fermi ana kumbukumbu, wachimbaji hawana. Wana wa wachumaji chai hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Walimu wenzangu, mfundisheni Fermi pamoja na wachimbaji wale, na mumweleze kwa Kiswahili pia. Kenya imekuwa ikijadili kujenga tanuri lake la nyuklia. Mwananchi asiye na neno la kuitaja hatari atawezaje kuihoji?