Ella Kellogg na Jiko la Battle Creek

Katika kiangazi cha mwaka 1876 mwalimu kijana aitwaye Ella Eaton alifika Battle Creek, mji mdogo katika jimbo la Michigan, Marekani, kuwatembelea jamaa zake. Alikuwa na umri wa miaka 23. Homa ya matumbo ilikuwa imeingia mjini na wauguzi walikuwa wachache, hivyo Ella akakubali kukaa kando ya vitanda vya wagonjwa na kuwahudumia. Daktari John Harvey Kellogg, aliyekuwa na miaka 24 tu na ambaye mwaka huo huo alikabidhiwa uongozi wa hospitali ya Waadventista Wasabato mjini hapo, aliona utaratibu wake katika kazi, akamwomba abaki. Ella alibaki Battle Creek, na huko ndiko yalikokuwa makao yake mpaka kufa kwake miaka 44 baadaye.

Hakulelewa katika kanisa letu. Alizaliwa Aprili 7, 1853, huko Alfred, jimbo la New York, katika jamii ya Wabaptisti wa Siku ya Saba, watu wale wale ambao kupitia kwao waanzilishi wetu walipokea ukweli wa Sabato. Alisoma katika chuo kikuu cha mji wake, akahitimu akiwa na miaka 19, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa msichana wa siku zile. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa maana bado wako wanaodhani kwamba jikoni ni mahali pa mtu ambaye shule ilimshinda. Ella aliingia jikoni na elimu yake yote.

Februari 22, 1879, aliolewa na Dkt. Kellogg.

Hospitali aliyoiongoza mumewe ilikuwa imefunguliwa mwaka 1866, miaka mitatu baada ya Ellen G. White kupokea nuru juu ya afya huko Otsego. Kanuni zilikuwa zinajulikana. Waamerika wengi wa wakati ule walianza siku kwa nyama ya nguruwe ya kukaanga, mikate ya moto iliyoumuliwa kwa magadi, pai zenye mafuta ya nguruwe, achari, pilipili na kahawa nyingi. Walifika hospitalini wakilalamika kiungulia, kujaa gesi na kufunga choo. Kuwaambia waviache vyakula hivyo kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa kile walichowekewa mezani badala yake: nafaka iliyochemshwa bila ladha, mkate mgumu na mboga za maji. Mgonjwa aliyelipa fedha yake akisafiri siku mbili au tatu kwa treni hakuona sababu ya kushukuru kwa sahani kama hiyo, na alipotoka alirudia chakula chake cha zamani.

Hapo ndipo matengenezo ya afya yalipokuwa hatarini. Hayakuhitaji adui kutoka nje. Yangeweza kufia mezani. Ellen White mwenyewe alionya mara nyingi dhidi ya chakula duni kinachoitwa cha afya, akahimiza shule za mapishi. Tunapojifunza Danieli sura ya 1 huwa tunawasifu vijana wanne kwa kukataa chakula cha mfalme, na ni sawa. Lakini mtama ule wa siku kumi ulipikwa na mtu, na sidhani kama ulipikwa vibaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Ella alipewa jukumu la chakula cha hospitali. Alianzisha jiko la majaribio. Humo alichukua chakula kimoja kimoja, akakipika kwa njia mbalimbali, akapima maji, joto na muda, akaandika matokeo. Kisha akafungua shule ya mapishi ili wauguzi, wake wa nyumbani na wapishi wa hospitali wajifunze yale yaliyofaulu. Kanuni iliyomwongoza inaonekana katika kila ukurasa wa maandiko yake: usimwondolee mtu kitu mezani kabla hujapata kitakachokaa mahali pake, na kitakachokaa hapo lazima kiwe kitamu.

Angalia jinsi alivyoshughulikia mkate. Hakutaka magadi wala unga mwingine wa kemikali wa kuumulia. Je, mkate usiotiwa hamira utainukaje? Alitumia hewa. Unga wa ngano usiokobolewa, ule ambao wengi wetu tunauita unga wa atta, ulichanganywa na maziwa au maji baridi sana, ukapigwa kwa nguvu mpaka rojo ijae mapovu. Rojo hiyo ilimiminwa katika vikaango vya chuma vyenye vikombe vidogo, vinavyofanana sana na chuma chetu cha vitumbua, ambavyo vilikuwa vimekwisha kupashwa moto mkali. Hewa ya baridi ikikutana na chuma cha moto hutanuka kwa ghafula, na joto hukausha ukuta wa mkate kabla hewa haijatoroka. Chuma kikiwa cha vuguvugu tu, unapata jiwe. Mwanafunzi aliyeelewa sababu hiyo hakuhitaji kukariri maelekezo.

Alifanya vivyo hivyo kwa mambo mengine. Mahali pa siki aliweka maji ya limau. Mahali pa mafuta ya nguruwe aliweka malai ya maziwa. Kahawa iliachia nafasi kinywaji cha nafaka iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi. Maharage na njegere zilipikwa hadi zikalainika, zikapitishwa kwenye chujio ili maganda yabaki, kisha zikaungwa. Mkate wa jana ulikatwa vipande, ukaokwa tena polepole mpaka ukakauka hadi ndani, ukaliwa na mchuzi wa matunda. Kwa watu wenye kipato kidogo jambo hili la mwisho lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu halikutupa kitu.

Kwa nafaka alikuwa mkali kuhusu muda. Aliamini kwamba matatizo mengi ya tumbo yanatokana na wanga ulioiva nusu, hivyo alitoa jedwali la kiasi cha maji na saa za kupika. Ngano nzima, kwa mfano, ilihitaji saa 6 hadi 8 katika sufuria iliyowekwa juu ya sufuria nyingine ya maji. Dada anayenunua mkaa kwa kopo atacheka hapa, na ana haki. Jiko la Michigan wakati wa baridi liliwaka kutwa, liwe linapika au halipiki. Kwetu, kuloweka nafaka usiku kucha na kuimalizia kwenye kikapu kinachohifadhi joto kutafanya kazi ile ile kwa sehemu ndogo ya mkaa.

Mwaka 1892 alikusanya matokeo ya miaka hiyo katika kitabu kikubwa alichokiita Science in the Kitchen, yaani Sayansi Jikoni. Kina maelezo ya viini vya chakula na umeng'enyaji, kina mapishi, na kina orodha ya vyakula vya asubuhi na mchana kwa mwaka mzima, ili mama asisimame jikoni kila siku akijiuliza apike nini. Wakati huo huo aliliandikia gazeti la Good Health, akaongoza kazi ya afya katika Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kiasi, na nyumbani kwake alikuwa analea watoto. Yeye na mumewe hawakupata mtoto wa kuzaa. Walichukua yatima na watoto wa maskini, baadhi wakiwaasili kisheria, na hesabu yao kwa miaka yote ilipita 40. Meza yake mwenyewe basi haikuwa ya maonyesho. Mtoto wa miaka mitano hali chakula kwa sababu ni cha kisayansi.

Si kila alichofundisha kimesimama. Neno vitamini halikuwepo mpaka mwaka 1912, na mboga katika vitabu vya mapishi vya enzi ile, chake kikiwemo, zilichemshwa muda mrefu kuliko tunavyoshauri leo. Tena yeye alitumia maziwa, malai na mayai. Anayeacha vyote vitokavyo kwa wanyama ahakikishe anapata vitamini B12 kutoka kwenye chakula kilichoongezewa au vidonge, maana mchicha na maharage haviitoi. Kwa upande mwingine, karanga za kusaga, ambazo Dkt. Kellogg alizipatia hati miliki miaka ya 1890 kama chakula kipya kwa wasiokula nyama, bibi zetu wamekuwa wakiziweka kwenye mchicha bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mwaka 1894 Dkt. Kellogg, mdogo wake Will na Ella walikuwa wakitafuta namna ya kuifanya ngano iliyopikwa iwe rahisi kutafuna na kumeng'enywa. Ngano iliyokwisha kuchemshwa iliachwa ikakaa. Ilipopitishwa baadaye kati ya mitungi ya kusagia, kila punje ilitoka kama kipande chembamba, kikaokwa kikawa kikavu. Hati miliki ilitolewa Aprili 14, 1896, kwa jina la daktari peke yake. Mwaka 1906 Will alianzisha kampuni yake ya kuuza vipande vya mahindi, akatia sukari ndani, na kaka yake hakupendezwa. Ndugu hao wawili walifikishana mahakamani, na ugomvi ukadumu miaka.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa nyumba nzima. Hospitali iliteketea kwa moto Februari 1902. Mwaka 1907 Dkt. Kellogg aliondolewa katika ushirika wa kanisa baada ya mvutano mrefu kuhusu mafundisho na mamlaka, jambo ambalo waumini wa Battle Creek waliliona kwa machozi. Ella hakuacha kuandika wala kufundisha. Mwaka 1904 alikuwa ametoa kitabu kingine cha mapishi, na mwaka 1905 kitabu juu ya malezi ya tabia za watoto.

Alifariki Juni 14, 1920, akiwa na miaka 67. Desemba mwaka huo huo mahakama ya juu ya Michigan ilimpa Will haki aliyoidai juu ya jina Kellogg katika biashara ya nafaka, na jina hilo likaendelea kusafiri dunia nzima kwenye maboksi yenye sukari. Ngano ya Ella ilibaki kitabuni kama alivyoiandika: kipimo kimoja cha ngano nzima, vipimo vitano vya maji, na moto mdogo.